Masafa na Muda: Mwongozo kwa Msafiri wa Ndege Kutoka Nairobi Hadi New York

Mtu anayekusudia kusafiri kwa ndege kutoka Nairobi kwenda New York, akiwauliza watu safari hiyo ni ya muda gani, yamkini atapewa majibu matatu yasiyolingana, na kila jibu likawa sahihi kwa hesabu yake. Wa kwanza atamwambia ni saa kumi na tano, kwa kuwa ndege iendayo moja kwa moja huchukua muda huo tangu kuondoka mlangoni hata kusimama. Wa pili atamwambia ni saa saba tu, kwa kuwa ameona katika tikiti kwamba ndege huondoka saa tano na kitu usiku na kufika saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Na wa tatu, ambaye amekwisha kuipita njia hiyo akiwa na mizigo na watoto, atamwambia ajiweke tayari kwa mchana na usiku wake. Mwongozo huu umeandikwa ili wewe msomaji uweze kuyapatanisha majibu hayo kwa akili yako mwenyewe kabla hujatoa fedha zako, maana naona ni dhuluma mtu alipe nauli kubwa kiasi hicho ilhali hajui anachonunua ni masafa gani na ni muda gani.

Nimeichagua njia hii kwa sababu ni miongoni mwa njia ndefu kabisa zinazoanzia katika nchi zetu bila ya kutua kati, na kwa sababu wengi wetu wana ndugu na watoto waliokwenda Marekani kwa masomo au kwa riziki. Kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958 na ambacho leo huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, kiko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ama kiwanja cha New York, kilichoanza kazi mwaka 1948 na kupewa jina la John F. Kennedy mwaka 1963, kiko ukingoni mwa bahari, mita chache tu juu ya maji. Kwa miaka mingi msafiri alilazimika kubadili ndege Ulaya au Uarabuni. Mwezi wa Februari mwaka 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama, ambalo bila yake hakuna shirika la nchi hii lingeweza kuruhusiwa kwenda huko kwa ndege zake, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanzisha safari ya moja kwa moja kwa ndege za aina ya Boeing 787-8.

Basi tuanze na masafa. Ukiitandaza mezani ramani ya dunia, ile inayotundikwa katika kuta za madarasa, ukapiga mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari wako utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati na Nigeria, utaigusa Burkina Faso na Mali, utatokea baharini upande wa Mauritania, kisha utaikata Atlantiki mshazari mpaka Marekani. Mstari huo unapendeza machoni, lakini si njia fupi. Dunia ni tufe, na mchora ramani, ili apate kuitandaza juu ya karatasi, hana budi kuzinyosha nchi za kaskazini na za kusini kupita kiasi chake. Kwa hiyo kilichonyooka juu ya karatasi huwa kimepinda juu ya ardhi. Njia fupi ya kweli hutoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, ikapita karibu na Mlima Elgon, ikaingia kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini, ikaikata Chad na Niger na jangwa la Algeria, ikaiacha Afrika katika pwani ya Moroko karibu na mji wa Safi, ikapita juu ya visiwa vya Azores katikati ya bahari, ikapanda kaskazini kuliko hata New York yenyewe, kisha ikateremka na kuijia kutoka upande wa mashariki. Baina ya njia hii na ile ya rula pana tafauti ya kilomita 350 hivi, nazo si haba kwa anayelipia mafuta.

Usiyapokee maneno haya kwa kuniamini mimi, yapime. Chukua tufe la dunia la shuleni na uzi usiovutika. Shikilia ncha moja ya uzi penye Nairobi, uvute mpaka New York, kisha uuchezeshe taratibu huku na huku juu ya tufe hata uone umekaza na hauwezi kufupika zaidi: utaona kwa macho yako uzi ukijisogeza wenyewe kwenda Sahara na Moroko. Tia alama, uupime kwa rula. Halafu uzungushe uzi huo katika mstari wa Ikweta, duara zima, uupime tena. Katika tufe ambalo mzunguko wake ni sentimita 94, kipande cha kwanza kitakuwa sentimita 28 kasoro kidogo. Duara zima la dunia ni kilomita 40,000 kwa makadirio. Gawanya 28 kwa 94, uzidishe kwa 40,000, utapata kilomita 11,900 na ushei. Kwa kazi ya uzi na rula, hiyo ni hesabu nzuri mno, na mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya.

Anayetaka hesabu ya undani zaidi atatumia latitudo na longitudo. Embakasi iko digrii 1.3 kusini ya Ikweta na digrii 36.9 mashariki ya Greenwich. Kiwanja cha New York kiko digrii 40.6 kaskazini na digrii 73.8 magharibi. Elimu ya pembe za tufe, ambayo mabaharia na wanafalaki wameitumia kwa karne nyingi, na ambayo leo imo katika kila programu ya kupimia masafa, inatupa baina ya viwanja hivyo upinde wa digrii 106 na nusu kasoro kidogo. Kila digrii ya duara kuu la dunia ina maili za bahari 60, na kila maili ya bahari ina kilomita 1.852, kwa hiyo tunapata maili za bahari 6,387, ambazo ni kilomita 11,830 kwa makadirio. Hapa ndipo wengi hutatizwa, maana marubani husema maili 6,390, Wamarekani husema maili 7,350, nasi twasema kilomita 11,830, na msikilizaji akadhani watu hawa wanabishana. Kumbe masafa ni yale yale, ila Mmarekani ametumia maili ya nchi kavu, ambayo ni fupi kuliko ya bahari. Ukikuta tarakimu ya masafa mahali popote, uliza kwanza ni ya kipimo gani.

Ili uipime safari hii kwa jicho la dunia nzima, jua kwamba hakuna mahali pawili palipo mbali zaidi ya kilomita 20,000, kwa kuwa ukizidisha hapo utakuwa umeanza kurudi kwa upande wa pili. Nairobi na New York, basi, zimeachana kwa zaidi ya nusu ya umbali wote unaowezekana. Safari ya Singapore na New York, ambayo ni katika ndefu kabisa zinazofanywa na ndege za abiria kwa mruko mmoja, ina kilomita zaidi ya 15,300.

Lakini kilomita 11,830 ni masafa ya chini kabisa, na ndege haifuati uzi. Rubani hupewa njia yake kabla ya kuruka, naye huifuata kwa kuzingatia pepo, na dhoruba, na ruhusa za nchi anazopita juu yake. Vita vya Sudan vilipoanza mwezi wa Aprili mwaka 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria zinazopita, na kila ndege iliyozoea kukatiza pale ikalazimika kuzunguka. Kwa hiyo ukiona katika kioo kilicho mbele ya kiti chako kwamba ndege imekwisha kwenda kilomita 12,000 na bado haijatua, usitaharuki wala usidhani hesabu yako ilikuwa batili.

Sasa tuje kwenye muda. Boeing 787 ikiwa juu huenda kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa hivi. Gawanya 11,830 kwa 900 utapata saa 13 na dakika kumi kasoro kidogo, si saa 15. Zilizobaki zimekwenda wapi? Sehemu moja imeliwa na kupanda na kushuka, ambapo ndege haiwezi kwenda mwendo wake wote. Sehemu nyingine imeliwa ardhini, maana muda ulioandikwa katika ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka mlangoni mwa kituo hata inapokuja kusimama mlangoni pa kituo kingine, na katika kiwanja chenye shughuli kama cha New York ndege yaweza kuzungushwa angani au kungojeshwa njiani kabla ya kupewa nafasi. Mashirika nayo huongeza kidogo, ili ndege isipatikane na taksiri ya kuchelewa. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya upepo.

Jambo la upepo halihitaji kuelezwa sana kwa watu wa pwani. Jahazi lililoshuka na kaskazi kutoka Maskati hadi Mombasa au Unguja halikuthubutu kurudi mpaka kusi kuanza, na hapana nahodha aliyewahi kusema kwamba masafa ya kwenda na ya kurudi ni mamoja, kwa hiyo na siku zitakuwa moja. Huko juu, kilomita tisa mpaka kumi na mbili kutoka ardhini, katika latitudo za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ziko pepo kali zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki, nazo huzidi nguvu wakati wa baridi ya kaskazini. Katika mikondo yake yenye nguvu huvuma kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Juu ya Uganda na Chad ndege haizioni sana, bali juu ya Atlantiki hukutana nazo ana kwa ana. Tuseme, ukizigawa katika njia nzima, zinaipunguzia ndege mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika kwenda, na kuiongezea hizo hizo katika kurudi: kwenda kutachukua saa 13 na dakika 55 hewani, na kurudi saa 12 na dakika 27. Ndiyo maana safari ya kwenda New York huandikwa saa 15 kwa jumla, na ya kurudi Nairobi huandikwa saa 14 au karibu na hapo. Mtu akikuambia muda wa safari baina ya viwanja viwili vilivyo mashariki na magharibi bila ya kukuambia ni wa kwenda au wa kurudi, amekupa nusu ya jibu.

Kuna neno moja zaidi mintarafu ya Embakasi. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi, na hewa nyepesi haiyainui mabawa kama inavyopasa. Ndege iliyojaa mafuta ya saa kumi na tano huhitaji njia ndefu ya kurukia na kila msaada itakaoweza kuupata, na baridi ya usiku ni msaada mkubwa. Msafiri anayenung'unika kwa nini aondoke usiku wa manane ajue kwamba saa hiyo ina manufaa yake kwa ndege yenyewe.

Haya, tuifungue tikiti. Saa zote zilizomo ni za mahali: ya kuondokea ni saa ya mji unaouacha, na ya kufikia ni saa ya mji unaoufikia. Hapa ndipo lilipotoka lile jibu la saa saba. Tuseme imeandikwa kuondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 siku ya pili, katika mwezi wa Desemba. Usijaribu kutoa moja kwa nyingine. Zirudishe zote mbili katika saa ya Greenwich. Nairobi imetangulia Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo 23:25 ni 20:25. New York wakati huo iko nyuma ya Greenwich kwa saa tano, kwa hiyo 06:25 ni 11:25. Kutoka 20:25 hadi 11:25 ya siku inayofuata ni saa 15 kamili. Katika kurudi, tuseme imeandikwa kuondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 siku ya pili. Kwa mtazamo wa saa ya ukutani zimepita saa 22 na nusu. Toa nane za tafauti ya miji, utabakiwa na saa 14 na nusu, ndio muda utakaokaa kitini. Mwenye kuifahamu hesabu hii moja ameifahamu ya kila safari duniani.

Tafauti ya saa nane, hata hivyo, haidumu mwaka mzima. Sisi tulio jirani na Ikweta jua letu halibadiliki sana, na saa zetu hatuzigusi; Wamarekani huzisogeza mbele saa zao kwa saa moja Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Kwa hiyo tangu Machi hadi Novemba tafauti yetu nao ni saa saba, na miezi iliyobaki ni saa nane. Ukinunua tikiti mwezi wa Januari ya safari ya Aprili, usitumie hesabu ya Januari.

Kisha kuna hesabu yetu wenyewe. Tikiti hutumia saa ishirini na nne zinazoanza katikati ya usiku, nasi tunazihesabu saa zetu tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kuzibadili ni rahisi: toa sita, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili; ila saa ya tikiti isiyozidi sita, iongeze sita. Kwa hiyo 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku, na 10:55 ni saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Linalohatarisha ni tarehe. Katika desturi ya pwani usiku huitangulia siku yake, na mtu akisema usiku wa Ijumaa aghalabu akusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Bara wengi wakisema usiku wa Ijumaa huwa wakusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Na tikiti nayo huigawa siku katikati ya giza, saa sita kamili usiku. Tikiti ikiandikwa Ijumaa 00:50, maana yake ni kwamba Alhamisi baada ya Magharibi uwe umekwisha kufunga mizigo yako, na kabla ya saa nne za usiku huo huo wa Alhamisi uwe umefika Embakasi. Wako watu waliofika kiwanjani jioni ya Ijumaa, na nguo zao nzuri na jamaa waliowasindikiza, wakaambiwa ndege yao imetua Marekani zamani. Ikiwa saa ya tikiti inaanza na sifuri mbili, mwulize anayekuuzia: niwe hapa usiku wa kuamkia lini? Nawe andika jibu lake kwa mkono wako juu ya karatasi hiyo.

Si kila mtu atakayekwenda moja kwa moja, kwa kuwa nauli ya kupitia mji mwingine mara nyingi huwa nafuu. Kupitia Amsterdam, safari ina kilomita 6,680 na 5,850, jumla 12,530, yaani nyongeza ya kilomita 700 tu juu ya njia fupi, kwa kuwa Ulaya haiko mbali na mstari wetu. Kupitia Dubai ni kilomita 3,560 na 11,020, jumla 14,580, nyongeza ya zaidi ya 2,700, ambazo ni saa tatu za kuruka, maana umeanza safari ya magharibi kwa kwenda mashariki. Lakini masafa ndiyo madogo katika jambo hili. Kinachokula muda ni kutua. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria katika safari ya ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kwa masafa yaliyo mafupi kuliko haya yetu ikatumia saa 23 na dakika 40 hivi. Kila kutua kunataka kushuka, kungoja, na kupanda upya, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Ukichagua kubadili ndege, hakikisha safari nzima iko katika tikiti moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa shirika liwe na wajibu wa kukutafutia nyingine. Mwenye tikiti mbili mbalimbali, akiikosa ya pili, hana wa kumlalamikia. Na usikubali nafasi ya dakika hamsini baina ya ndege mbili katika kiwanja usichokijua, hata kama muuzaji anakuapia kwamba inatosha. Saa mbili na nusu au tatu ni insafu kwa nafsi yako.

Anayetoka Dar es Salaam ana kilomita 670 hadi Nairobi, saa moja na dakika ishirini katika ratiba, naye azihesabu saa hizo pamoja na za kungoja Embakasi kuwa ni sehemu ya safari. Kadhalika anayekaa Nairobi yenyewe: barabara ya kwenda kiwanjani jioni yaweza kumla saa mbili, kufika saa tatu kabla ya kuondoka ni lazima, kwa kuwa ndege za Marekani aghalabu huwa na upekuzi wa pili karibu na mlango wa kupandia, kisha zile kumi na tano, kisha foleni ya uhamiaji New York, na mizigo, na forodha, saa moja au mbili, na anayeunganisha kwenda Chicago au Minneapolis ajue kwamba kwa kawaida sanduku lake hulitwaa mwenyewe katika kiwanja cha kwanza cha Marekani, alipitishe forodhani, alikabidhi tena. Jumlisha. Utakuta zimetimia saa 21 na kuendelea, na yule mtu wa tatu aliyekuambia ujitayarishe kwa mchana na usiku wake ndiye aliyekupa hesabu inayokuhusu zaidi wewe na mwili wako.

Kuhusu mwili, machache. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kukaa safarini zaidi ya saa nne bila ya kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Basi inuka kila baada ya saa moja au mbili, utembee ujiani, na ukiwa kitini kanyaga na kuinua visigino. Mwenye mimba, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kupatwa na maradhi hayo, amwone daktari kabla ya kununua tikiti, si baada. Hewa ya ndani ya Boeing 787 huwekwa iwe kama ya mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,800, ambayo ni sawa na ya mji wa Nairobi wenyewe, kwa hiyo mtu wa Nairobi hataiona ngeni, bali ni kavu, nayo inataka maji ya kunywa mara kwa mara. Anayekunywa dawa kwa saa maalumu, kama vile za sukari au za shinikizo la damu, amwulize tabibu wake jinsi ya kuzihesabu, kwa kuwa saa ya ukutani itamwambia zimepita saba ilhali mwilini zimepita kumi na tano. Na usingizi utakusumbua siku kadhaa, zaidi katika kurudi kuliko katika kwenda, maana mwili huona wepesi kuirefusha siku kuliko kuifupisha. Usipange mtihani wala mkutano mkubwa siku ya pili yake ukiwa na hiari.

Kwa mwenye kusali, safari ya magharibi wakati wa baridi ina jambo la ajabu: utaondoka usiku, na giza litakufuata takriban njia nzima, kwa kuwa ndege inalikimbia jua, usiku mmoja wa saa kumi na tano. Maghrib na Isha zitakuwa zimekwisha kusaliwa Nairobi, na Alfajiri itakuingilia karibu na mwisho wa safari, pengine ndege ikiwa imekwisha kuanza kuteremka na watu wamefungwa mikanda. Tia udhu mapema, na utazame dirishani upande wa mashariki, ambao utakuwa nyuma ya ndege. Usitegemee saa ya mkononi, ambayo bado inasoma ya Nairobi. Katika kurudi mambo hugeuka: jua la New York litazama upesi kuliko ulivyozoea, kwa sababu unalikimbilia giza, na saa chache tu baada ya kuruka, Maghrib itakuwa imeingia.

Mwisho, mwarifu anayekuja kukupokea. Usimwandikie kwamba utaondoka Jumanne usiku ukamwachia yeye ajumlishe. Mwandikie tarehe na saa ya kutua kwa hesabu ya mji wake, pamoja na nambari ya ndege, ambayo kwayo ataweza kuulizia kama imechelewa, umwambie pia asikutazamie mlangoni kabla ya kupita saa moja na nusu tangu kutua. Na kama anayekuja kukupokea ni mama mzazi Embakasi, wewe ukirudi kutoka New York, mwambie kwa saa zake: saa tano kasoro dakika tano asubuhi, siku ya Alhamisi, hata kama tikiti yako imeandikwa kuondoka Jumatano.